Karai la Changarawe

Nyumba yangu ya Ipinda ina vyumba vinne na baraza,
na msingi wake ni vitanda vya mbasa.
Sikulijua hilo nilipokuwa nachota.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mgongo mpya,
na tajiri wa lori alilipa kwa safari.
Tulishuka Lufilyo alfajiri, watu sita, koleo sita,
maji yakitukata magoti,
yametoka mlimani usiku uleule, hayajasalimia mtu.

Changarawe ya mto haina udongo.
Fundi akiiona hutabasamu.
Samaki naye, kumbe, huitakia hilohilo.

Mama alinieleza baadaye, akipepeta mchele,
bila kunitazama:
zamani mvua za Machi zikikolea
mbasa walipanda kutoka ziwani
wengi hadi mbwa wakawa wanachagua vipande.
Walipanda wakiupiga mto mikia,
hadi penye mawe madogo na maji yenye haraka,
wakataga, wakashuka wamekonda kama wazazi.
"Siku hizi tunakula dagaa wa Mwanza," akasema,
akapuliza makapi.
Hotuba yote ikaishia hapo.

Mwaka ule ukingo ulikuwa umenyolewa.
Gwakisa alilima mahindi
mpaka shina la mwisho likanawa miguu mtoni.
Bupe alichoma matete, akapanda nyanya.
Mvua ilipopiga, mto ukawa uji wa ulezi,
na tope likashuka, likalala
juu ya mawe machache tuliyoyabakiza,
kama blanketi juu ya uso wa mtoto.

Akaja afisa wa bonde na futi ya kamba.
Mita sitini, akasema. Akasimika bikoni.
Gwakisa aling'oa mbili, akaegeshea mlango wa banda la nguruwe.
Sikumcheka.
Mita sitini kwake ni ada ya watoto wawili
na sare ya wa tatu.

Nyuma ya choo changu palibaki lundo,
changarawe ya uzio nisioujenga.
Jumatatu moja nikajaza karai,
nikalifunga kwenye kereti ya baiskeli,
nikaenda penye kona, nikamwaga.
Shwaaa.
Basi. Hakuna aliyepiga makofi.
Nikarudi kuchukua la pili.

Tusekile, mke wangu, alisimama mlangoni na mwiko:
"Umeanza lini kulipa madeni usiyodaiwa?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na karai.
Usiku nikapiga hesabu: lori zile, misimu mitatu;
kwa makarai kumi kwa wiki
nitamaliza nikiwa na miaka mia moja na tisini,
kama baiskeli itavumilia.

Lakini karai lina aibu yake, huambukiza.
Bupe akaleta matete na mizizi yake
ndani ya mfuko wa mbolea, akayatua, akaondoka
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.
Nikachimbua miche ya mivengi chini ya mama yao,
nikaipanda ukingoni; mbuzi wakala nusu, nikapanda nusu.
Gwakisa akaacha mistari mitatu ya mahindi bila kulima.
Si mita sitini. Ni hatua saba.
Nimezihesabu, na sitamsemea.

Mivengi sasa inanifika kiunoni.

Juzi, Machi hii, Lusajo alirudi ameloa,
tochi mkononi, maneno yanamkanyaga ulimi:
kitu cheupe, baba, kiligeuka ubavu, pale kwenye kona!
"Chupa hiyo," akasema Tusekile.
Huenda. Mto wetu una chupa nyingi.

Nilikwenda peke yangu.
Mlimani kulikuwa kunanyesha; maji yalikuwa meusi, yanapumua.
Nikachuchumaa kati ya matete ya Bupe.
Kwa muda mrefu, mbu tu.
Kisha, chini kabisa, jiwe likagonga jiwe,
polepole,
kama mtu anayepanga vyombo chumba cha pili
asiamshe wageni.

Sikuwasha tochi.